Mtoto Asiyeweza Kunyonya ni Deni la Nani?

Watu wengi huhesabu kunyonyesha kuwa jambo jepesi kama kuvuta pumzi. Mtoto huzaliwa, hulia, huwekwa kifuani, hunyonya, hulala. Kwa hiyo waganga, mapadre na walimu huwaambia akina mama neno moja tu: nyonyesheni. Neno hilo ni la kweli, wala hatuna nia ya kulipunguza. Lakini wako watoto ambao hawawezi kuitikia wito huo wa asili. Mmoja amezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, naye hana nguvu za kuvuta ziwa. Mwingine amezaliwa na mdomo uliopasuka, au kaakaa lililo wazi, na maziwa yampitia puani. Mwingine alichelewa kulia siku ya kuzaliwa, na sasa shingo yake yalegea na kinywa chake hakishiki. Mama anakaa naye usiku kucha, maziwa yamemjaa, na mtoto ana njaa.

Hapo lazuka swali ambalo leo twataka kulipima mbele ya wasomaji wetu. Mtoto huyu ni deni la nani? Je, ni la mama peke yake, kwa kuwa ndiye mwenye maziwa? Au ni la baba, la bibi, la majirani, la hospitali, la parokia, la taifa zima? Wengine watasema ni swali la waganga tu. Sisi twasema ni swali la haki, na haki ni jambo la kila Mkristu.

Tuanze na mambo yaliyotendeka katika nchi yetu wenyewe. Katika Mkoa wa Lindi ziko wilaya mbili jirani, Nachingwea na Ruangwa, nchi ya Wamwera na majirani zao, nchi ya korosho, ufuta, mbaazi na mihogo. Kuanzia mwaka 2010 wilaya hizo, pamoja na wilaya nyingine nne za Lindi na Mtwara, zilifanyiwa kazi moja ya maana sana. Wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, wakishirikiana na wenzao wa chuo cha tiba cha London, walianzisha mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Wanawake 824 wa vijijini walichaguliwa na kufundishwa, kisha wakawa wakizitembelea nyumba za wajawazito na za waliojifungua. Walifundisha usafi wakati wa kujifungua. Walifundisha kumnyonyesha mtoto mapema, na kutompa kitu kingine ila maziwa ya mama. Tena walifundishwa kuutazama unyayo wa mtoto na kuulinganisha na picha, kwa kuwa unyayo mfupi ni ishara ya mtoto mdogo mno, anayehitaji kuwekwa kifuani ngozi kwa ngozi, na pengine kupelekwa hospitali bila kukawia.

Tazameni jinsi jambo hilo lilivyo la busara. Kijijini pengine hapana mizani, lakini kila mtoto ana unyayo. Mwanamke wa kawaida, asiye mganga wala muuguzi, aliweza kujua kwa macho yake kwamba huyu si mtoto wa kuachwa hivi hivi.

Basi, matokeo yakawaje? Mwaka 2013 wataalamu walihesabu, na mwaka 2015 wakatangaza hesabu yao. Mahali walipopita wanawake wale, desturi zilibadilika. Watoto waliopewa maziwa ya mama peke yake katika siku za kwanza walikuwa wengi zaidi. Lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko mahali ambapo wanawake wale hawakupita. Jambo hili laweza kumhuzunisha mtu, nasi tumelitafakari sana. Akina mama walisikia na kutii. Walitenda walilofundishwa. Mbona, basi, kaburi halikufunga mlango wake?

Jibu letu ni hili. Shauri ni jambo jema, lakini shauri halibebi maji, halikati kuni, halilipi nauli ya kwenda hospitali, wala halimwekei muuguzi mikono ya ziada usiku wa manane. Mtoto mwenye afya hutosheka na mama aliyeshauriwa vizuri. Mtoto dhaifu ahitaji zaidi ya hapo. Ahitaji mama aliyeshauriwa, nyumba iliyompunguzia mama kazi, na hospitali iliyo tayari kumpokea. Kimoja kikikosekana, vile viwili vingine hulemewa.

Ili tuone uzito wa deni hili, yafaa tujue kazi yenyewe ilivyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya juma la 34 la mimba kwa kawaida hawezi bado kuunganisha mambo matatu: kunyonya, kumeza na kupumua. Asipoweza, mama hukamua maziwa kwa mkono katika chombo safi, na mtoto hulishwa kwa mpira mwembamba au kwa kikombe kidogo. Kikombe hugusishwa mdomo, na mtoto huyaramba maziwa mwenyewe. Hamiminiwi, asije akapaliwa. Matone ya kwanza, yale ya njano yaitwayo dang'a, ambayo wengine huyamwaga wakidhani ni machafu, ndiyo kinga yake ya kwanza, na kwa mtoto njiti yana thamani kubwa kuliko dawa nyingi.

Mtoto mwenye mdomo uliopasuka tu, bila kaakaa, mara nyingi aweza kunyonya, iwapo mama ataonyeshwa namna ya kumshika wima na kuziba ufa kwa ziwa lenyewe au kwa kidole. Mwenye kaakaa lililo wazi ana shida kubwa zaidi, kwa sababu hawezi kuvuta. Naye pia huhitaji maziwa yaliyokamuliwa. Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: mpasuko huo hutengenezwa kwa upasuaji, nasi tunazo hospitali nchini zinazoufanya, kama ile ya CCBRT Dar es Salaam. Lakini mtoto aliyekonda hawezi kupasuliwa kwa usalama. Lazima kwanza aongezeke uzito. Kwa hiyo kila kikombe cha maziwa ni hatua moja katika njia ya kwenda kwenye upasuaji huo.

Sasa tuhesabu. Mtoto wa namna hii hulishwa mara 8 hata 12 kwa siku moja, mchana na usiku. Ziwa nalo lina sheria yake: lisipokamuliwa hukauka, hata kama moyo wa mama wapenda. Tukiweka nusu saa ya kukamua na nusu saa ya kunywesha, basi mara 8 ni saa 8. Hiyo ni siku nzima ya kazi ya mtu mzima. Na kazi hiyo haina Jumapili. Wakati huo huo maji bado yako kisimani, kuni bado ziko porini, mahindi hayajatwangwa, na palizi haimsubiri mtu. Nani atazifanya kazi hizo? Ikiwa jibu letu ni kwamba atazifanya yule yule mama, basi tumekwisha amua, bila kusema kwa midomo, kwamba mtoto afe.

Wahenga wetu walilijua jambo hili. Walisema mkono mmoja haulei mwana. Hawakusema kwamba mkono wa mama hautoshi kwa sababu ni mvivu. Walisema mkono mmoja, hata ukiwa na bidii namna gani, ni mmoja tu. Tena walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: sisi tulio pembeni twauona mwepesi, kwa kuwa hauko mabegani petu.

Bwana wetu Yesu Kristu aliwakemea kwa ukali viongozi waliowatwika watu mizigo mizito, na wenyewe wasiiguse hata kwa ncha ya kidole. Twadhani karipio hilo lawahusu pia wale wanaomwamuru mama amnyonyeshe mtoto asiyeweza kunyonya, kisha waondoke zao. Kanuni ya maadili iko wazi: mwenye kuamuru jambo ana deni la kuliwezesha. Baba akimwambia mwanawe alime, humpa jembe. Serikali ikimtaka mwananchi alipe kodi, humwonyesha mahali pa kulipia. Ikiwa sisi sote, kwa jina la Mungu, la asili au la sayansi, twamwambia mama amlishe mtoto huyu kwa maziwa yake, basi sisi sote tumekuwa wadaiwa wake.

Watu wa Nachingwea wanajua vizuri yale yatokayo katika amri ya mbali isiyopima hali ya mahali. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga huko, na Kongwa, na Urambo. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, reli na bandari zikajengwa, mamilioni ya pauni yakatumika. Hawakuipima ardhi na mvua zake kama ilivyopasa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa; reli nayo baadaye iling'olewa. Karanga si zao baya. Kosa lilikuwa kudhani kwamba agizo latosha. Tusipande shauri la kunyonyesha kwa namna hiyo hiyo, katika nyumba ambazo hatujazipima uchovu wake, njaa yake na umbali wake.

Tena liko funzo katika Maandiko Matakatifu, ambalo mara nyingi twalisoma upesi na kulipita. Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za Musa mchanga aliyewekwa katika kisafina mtoni. Binti Farao alipomwona na kumwonea huruma, hakumchukua tu na kumpeleka jumbani. Dada yake mtoto, aliyekuwa akichungulia kwa mbali, alijitokeza akamtafutia mwanamke wa kumnyonyesha, naye akamleta mama yake mwenyewe. Na binti Farao akaagiza anyonyeshwe, akaahidi kulipa ujira. Pimeni neno hilo. Mama yule angalimnyonyesha mwanawe hata bila senti moja. Hata hivyo jumba la mfalme lililipa, kwa sababu lilimtaka mtoto huyo aishi. Na alihitaji dada mwerevu, na mlango uliofunguliwa, na ulinzi. Musa, mkombozi wa taifa, aliishi kwa maziwa ya mama mmoja na kwa msaada wa watu wengi. Sisi nasi twataka watoto wetu waishi. Je, twalipa nini?

Ndugu zetu Waislamu, ambao ni majirani zetu wengi katika mkoa ule wa Lindi, nao hufundishwa katika Kurani kwamba yampasa baba kumlisha na kumvisha mama anyonyeshaye, kwa kadiri ya uwezo wake. Hapa msikiti na kanisa hawana ugomvi. Haki ya mama anyonyeshaye imeandikwa katika moyo wa binadamu kabla haijaandikwa katika kitabu.

Lakini tunafanya nini badala ya kulipa deni hili? Mara nyingi twamshitaki mdaiwa asiye na hatia. Mtoto akikonda, husemwa kwamba amebemendwa: kwamba mama au baba hakujizuia, na sasa maziwa yameharibika. Mwenye mdomo uliopasuka husemekana kwamba mama yake alikula kitu kilichokatazwa, au amerogwa, au ameadhibiwa. Mtoto anayekohoa na kutapika hupelekwa kwa mtu akatwe kimeo, au ang'olewe yale yanayoitwa meno ya plastiki, na kisu kichafu humwongezea ugonjwa ambao hakuwa nao. Haya yote yana shina moja. Ni rahisi kumpata wa kulaumiwa kuliko kumpata wa kusaidia. Mwenye kulaumu hulala usingizi. Mwenye kusaidia huamka usiku. Siku moja wafuasi wa Bwana walimwuliza, juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa swali lenyewe, akasema kwamba kazi za Mungu zilipaswa zionekane kwa mtu yule. Nasi tulikatae swali hilo mbele ya kila kitanda cha mtoto dhaifu.

Wako watakaotujibu hivi: Mbona kusumbuka? Maziwa ya kopo yapo dukani. Tunawaheshimu wasemao hivyo, kwani wengi wao wamo katika dhiki. Lakini twawaomba wakumbuke historia. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari mmoja wa kike, Cicely Williams, ambaye hapo kwanza alifanya kazi Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, alisimama hadharani akasema kwamba kuwadanganya akina mama maskini kwa matangazo ya maziwa ya kopo ni sawa na kuua. Baada ya miaka mingi ya vifo, mwaka 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia biashara hiyo isiwapotoshe wazazi, na nchi yetu ikatunga masharti yake mwaka 1994. Maziwa ya kopo yahitaji maji safi, moto, chombo kilichochemshwa, na fedha kila juma. Fedha zikipungua, mama huongeza maji, na mtoto hushiba maji. Na mtoto njiti ndiye aumiaye zaidi, kwa kuwa utumbo wake ni mwororo na maziwa mengine humletea maradhi mabaya ya tumbo. Yule ambaye ni vigumu zaidi kumpatia maziwa ya mama ndiye anayeyahitaji kuliko wote. Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu: ugumu haupunguzi deni, huongeza idadi ya wadaiwa.

Wengine watasema kinyume: Je, ninyi hamwongezei mama huyo mzigo wa dhamiri? Akishindwa, si atajiona muuaji? Swali hili ni la haki, nalo lataka jibu la wazi. Waalimu wa maadili katika Kanisa wameshika kanuni ya kale kwamba hakuna afungwaye na lisilowezekana. Papa Pius XII, aliposema na akina mama mnamo Oktoba 1941, aliwasifia kunyonyesha watoto wao wenyewe, lakini hakusahau kutaja kwamba mara nyingine haiwezekani. Mama aliyejaribu na maziwa yakakauka hana dhambi. Mama aliye mgonjwa, au aliyekatazwa na daktari kwa sababu ya dawa anazotumia, hana dhambi. Mama ambaye mtoto wake ana maradhi yale adimu yasiyopatana na maziwa yoyote, naye hana dhambi. Wala tusidhani kwamba mama anayemnywesha mtoto wake kwa kikombe ni mama nusu. Maziwa ni yake, jasho ni lake, upendo ni wake. Na yule aliyelazimika kutumia maziwa mengine kwa shauri la daktari, kwa kikombe safi na maji yaliyochemshwa, amelisha mtoto wake, na Mungu amemwona.

Lakini neno lisilowezekana lisitumiwe ovyo. Mara nyingi jambo haliwezekani kwa mtu mmoja, nalo lingewezekana kwa watu watano. Mama asemapo siwezi, tusiharakishe kumsamehe. Kwanza tumwulize: ungeweza kama tungefanya nini? Hapo ndipo msamaha na haki hukutana. Msamaha usio na msaada ni njia ya adabu ya kumwacha mtu peke yake.

Papa Yohane Paulo II alilieleza jambo hili vizuri mwezi Mei 1995, alipowapokea wataalamu waliokutana Vatikano kuzungumza juu ya kunyonyesha. Aliwakumbusha kwamba akina mama wahitaji muda, maelezo na msaada, na kwamba katika jamii nyingi wanawake wamedaiwa mambo mengi hata muda huo haupatikani. Baba Mtakatifu hakuelekeza kidole kwa mama. Aliielekeza jamii.

Liko pingamizi la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa lavaa joho la dini. Husemwa: Mtoto huyu ni mdogo mno, Mungu amekwisha amua, tumwache apumzike. Sisi hatukatai kwamba uhai na mauti viko mkononi mwa Mungu. Ubatizo wa mtoto aliye hatarini usicheleweshwe kamwe. Lakini kumbatiza mtoto si kumuaga. Chakula na joto ni haki ya kila aliyezaliwa, si tuzo ya wenye nguvu. Nani alituambia uamuzi wa Mungu kabla hatujakamua kikombe cha kwanza? Mwaka 1978 huko Bogotá, nchi ya Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na upungufu wa mashine za kuwatia joto watoto njiti, alianza kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Wengi waliona ni tiba ya wasio na kitu. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, na Tanzania ilikuwa mojawapo, juu ya watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hata chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza wapate nafuu, vifo vyao vilikuwa 12 katika kila 100. Wenzao waliongojewa walikufa karibu 16 katika kila 100. Robo ya vifo iliondolewa na kifua cha binadamu. Na katika uchunguzi huo, mama alipohitaji kupumzika, ndugu yake aliruhusiwa kumbeba mtoto kwa zamu. Basi tuache kumwita Mungu mwamuzi wa vifo ambavyo kifua cha shangazi kingaliweza kuvizuia.

Kwa hiyo sasa tugawane deni.

Deni la kwanza ni la baba. Mtakatifu Yosefu hakuwa na maziwa, lakini Mtoto Yesu alinyonya kwa amani kwa sababu Yosefu alitafuta mahali, alishika njia, alilinda mlango. Baba mkristu, maji ya nyumba yako katika miezi hiyo ni kazi yako. Kuni ni kazi yako. Kifua chako nacho kina joto. Mtoto njiti aweza kufungwa hapo wakati mama analala. Hakuna aibu katika jambo hilo. Aibu ni kumwacha mkeo akose usingizi majuma sita, kisha kumwuliza kwa nini mtoto haongezeki. Na fedha za korosho au ufuta zikiingia, sehemu ya nauli ya hospitali iwekwe kando kabla ya jambo jingine lolote.

Deni la pili ni la bibi na mama mkwe. Ninyi ndio mnaosikilizwa nyumbani kuliko daktari. Neno lenu moja, kwamba dang'a isimwagwe, kwamba mtoto asipewe maji wala uji, kwamba huyu mwenye mdomo uliopasuka ni mjukuu wetu na jina lake ni hili, laweza kuokoa uhai. Tena mkumbuke na kukumbusha jambo hili: mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri, kisha akaacha, au akawa mzito wa usingizi asiamke kunyonya, hiyo ni dalili ya hatari. Asipelekwe kukatwa kimeo. Apelekwe zahanati au hospitali siku ile ile.

Deni la tatu ni la Jumuiya Ndogo Ndogo na parokia. Twajua kusalia wafiwa, na kuchanga kwa ajili ya msiba. Hiyo ni desturi njema. Lakini kwa nini mchango wetu usubiri jeneza? Akizaliwa mtoto dhaifu katika jumuiya, wanawake wapange zamu: huyu maji, huyu kuni, huyu kufua, huyu kukaa na mtoto mkubwa. Wanaume wapalilie shamba la nyumba ile siku moja. Mama aliyewahi kulea mtoto njiti au mtoto mwenye mpasuko aende akakae na mwenzake, amwonyeshe kwa mikono, kwani hapana mwalimu amzidiye aliyepita njia hiyo. Hiyo nayo ni sala.

Deni la nne ni la hospitali na serikali. Hospitali zetu za Kanisa, kama Nyangao na Ndanda, zilizo katika barabara ile waishukiayo watu wa Ruangwa na Nachingwea, zina sifa ya miaka mingi, nazo pamoja na zile za serikali zahitaji wauguzi wa kutosha, vitanda vya mama karibu na mtoto, na chakula kwa mama aliyelazwa majuma mengi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mmoja, na saa 2 kila siku za kunyonyesha. Na marekebisho ya mwaka 2025 yamemfikiria mama aliyejifungua kabla ya wakati. Twaishukuru serikali. Lakini mama wa Ruangwa anayelima ufuta hana mwajiri. Likizo yake hutolewa na nani? Hutolewa na mume, na jirani, na jumuiya. Au haitolewi kabisa. Sheria ya nchi imeweza kumwona mama wa ofisini. Mama wa jembe yafaa aonekane na upendo wetu, na kwa msaada halisi wa halmashauri zetu.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengi wa namna hiyo hatuwajui majina. Wengine huzikwa kimya, bila tanga, kana kwamba hawakuwa watu. Lakini kila mmoja wao alikuwa na roho isiyokufa, na mama aliyekuwa na maziwa.

Wasomaji wapenzi, haba na haba hujaza kibaba. Mtoto dhaifu huishi kwa haba: tone, kijiko, kikombe, gramu chache kwa siku. Nasi hatuombwi makubwa kuliko hayo. Ndoo moja ya maji, tita moja la kuni, usiku mmoja wa zamu, neno moja la heshima kwa mama aliyechoka. Siku ya mwisho Bwana atatuuliza habari za wenye njaa. Tusidhani kwamba atawataja watu wazima tu. Mwenye njaa mdogo kuliko wote yumo katika kijiji chetu, amefungwa kanga, mdomo wake u wazi, wala hajui kusema. Tumjibu kabla hajanyamaza.